Fomu ya Mshipa

Ndanu Mbithi alirudi kazini Jumatano asubuhi baada ya wiki mbili za taifodi, akakuta kazi yake ya miaka mitatu imegeuzwa juu chini na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumpigia simu.

Kazi yenyewe ungeweza kuikanyaga usijue. Ilikuwa katheta, mrija mwembamba kama tambi ambao daktari huuingiza kwenye paja la mgonjwa na kuupandisha polepole mpaka ndani ya mshipa wa damu unaolisha figo. Kwenye ncha yake Ndanu alikuwa amepachika elektrodi nne, vidude vya chuma vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Mshipa huo wa figo umezungukwa kwa nje na neva, na kwa watu wengine neva hizo hazijui kunyamaza: kutwa kucha zinauamuru mwili upandishe presha, mgonjwa ameze vidonge asimeze. Elektrodi zikipata moto kidogo, neva zinaungua, zinanyamaza, na presha inashuka. Ugumu uko mahali pamoja tu. Lazima uunguze neva zilizo nje bila kuunguza ukuta wa mshipa wenyewe. Ukikosea, ukuta unapata kovu, kovu linajikunja, mshipa unabanwa, figo inakosa damu na kuanza kudai presha zaidi. Umemrudishia mgonjwa ugonjwa uleule na kumwongezea mwingine.

Ndiyo maana Ndanu alizipanga elektrodi zake kwa mzunguko: moja chini, ya pili juu yake kidogo na upande mwingine, ya tatu na ya nne vivyo hivyo, pasiwe na mahali hata pamoja ambapo mshipa umeungua kuzunguka wote. Katikati damu ilipita bila kizuizi na kuupoza ukuta. Wazo hilo lilimjia kwenye ngazi za jengo la karakana yao hapo Gatina, Kawangware, ambazo alizipanda kila siku mpaka ghorofa ya tatu akiwa na figo za ng'ombe kwenye mfuko. Karakanani walikiita kifaa hicho Ngazi.

Jumatano hiyo alifungua droo ya vifaa vilivyo tayari na hakuiona Ngazi. Aliona katheta zenye elektrodi sita zilizojipanga duara moja.

"Hii ni nini?" alimwuliza Oluoch.

Oluoch alikuwa fundi wa kuunganisha vifaa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mikono yake haijawahi kutetemeka mbele ya maikroskopu. Alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi.

"Tunaiita Pete. Injinia Muiruri alisema ile yako inachukua muda. Unachoma, unazungusha, unachoma tena. Hii unachoma mara moja, dakika mbili, kwisha."

"Na ukichoma mshipa duara mzima, unajua inakuwaje?"

"Tulipima, Ndanu. Mishipa kumi na nane. Hakuna hata moja iliharibika. Si iko kwa ripoti?"

Ndanu aliichukua ripoti akaisoma akiwa amesimama. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mshipa uliopasuliwa kwa urefu, na kweli ukuta wa ndani ulikuwa safi. Lakini ulikuwa ukuta mnene, umenyooka, hauna tawi hata moja. Ndanu alikuwa amepasua mishipa ya figo mia kadhaa kwa mikono yake na hakuwahi kukutana na wa namna hiyo.

"Hii mishipa mlitoa wapi?"

"Kwa Khamala, kama kawaida. Nilienda na kile kikaratasi chako."

Alishuka ngazi mbilimbili, na miguu bado ilikuwa ya mgonjwa.

Khamala alikuwa na buchari chini ya jengo hilohilo. Kwa miaka mitatu alikuwa amemwekea Ndanu figo pamoja na mishipa yake mirefu, ile ambayo wateja wengine wote humwambia aikate na kuitupa, na kwa ajili hiyo alimpa jina.

"Madam Figo! Niaje, umepona? Umekonda wewe, ngoja nikukatie maini."

"Khamala, wiki iliyopita ulimpa Oluoch nini?"

"Mishipa."

"Mishipa gani?"

"Si mishipa! Alikuja na kikaratasi chako, imeandikwa mishipa kumi na nane. Siku hiyo figo zilikuwa zimechukuliwa zote na mtu wa hoteli. Nikamwuliza Oluoch, unataka mishipa ya wapi? Akaniambia ya damu, bora isiwe imepasuka. Nikampatia ya shingo." Khamala alipangusa kisu kwenye aproni yake. "Ilikuwa mizuri sana. Minene, hata ukivuta haikatiki. Kwani mlitaka ya kula?"

Ndanu alitaka kumkasirikia akakosa pa kuanzia. Kikaratasi kilikuwa chake. Miaka mitatu aliandika "mishipa" peke yake, bila kusema ya figo, kwa sababu yeye na Khamala walijuana na maneno mengi ni ya nini. Hapa kwetu mshipa ni kila kitu. Damu inapita kwenye mshipa. Ukiumwa kiuno, mshipa umekamatwa. Ukikutana na uzi mgumu kwenye nyama, huo pia ni mshipa, utoe kwenye meno uendelee kula. Watu wazima, wenye vyeti vyao ukutani, walikuwa wamepima kifaa cha kuingizwa ndani ya binadamu kwenye shingo ya ng'ombe, wakatia sahihi, wakaenda kunywa chai.

Alinunua figo nne zenye mishipa mirefu akapanda nazo juu. Aliufunga mshipa wa kwanza kwenye mrija wa maji ya chumvi yenye uvuguvugu wa mwili, akaingiza Pete, akabonyeza kitufe, akahesabu dakika mbili. Alipoupasua, ukuta wa ndani ulikuwa na mstari mweupe uliozunguka pande zote bila kuacha nafasi, na hapo penye mstari mshipa ulikuwa umesinyaa. Mahali palipopita penseli kabla ya moto, sasa njiti ya kibiriti ilikwama. Akapima wa pili. Akapima wa tatu. Wa nne akautilia Ngazi ya zamani, akapata madoa manne madogo yaliyoachana, na penseli ikapita.

Oluoch alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Mungu wangu," alisema. "Na nimesaini."

"Umesaini," alisema Ndanu, na hakumwonea huruma.

Ofisi ya Injinia Muiruri, mkuu wa karakana, ilikuwa mwisho wa ukumbi, yenye dirisha linalotazama majumba ya kupangisha ya familia yao. Watu wake walikuwa wenyeji wa Gatina tangu kungali mashamba, na hata karakana hiyo ilikuwa kwenye jengo la marehemu babake. Muiruri hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Ndanu zaidi, maana mjinga unaweza kumfundisha. Aliiweka trei ya mishipa juu ya meza yake, na Muiruri akasogeza tarakilishi yake isiingie damu.

"Hii ni ya leo, na ni ya figo," Ndanu alisema. "Ile ya ripoti ni ya shingo."

Muiruri alitazama kwa makini, kwa sababu alijua kutazama. Kisha akaegemea kiti.

"Hii ni nyama ya buchari, Ndanu. Imekufa. Kwa mtu aliye hai, mshipa unajitibu."

"Unajitibu kwa kovu. Kovu ndilo linabana."

"Labda."

"Labda? Jumatatu unaingiza hii kitu kwa mtu, na unaniambia labda?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Kamati ya maadili ilipitisha Ngazi. Nani alipitisha Pete?"

"Tuliwaandikia kwamba mpangilio wa elektrodi umebadilika kidogo. Tukaambatisha ripoti. Hawakupinga." Muiruri alisugua macho. "Sikiza. Babangu alianguka na presha hapo chini, kwa hiyo compound, kabla wewe hujajua elektrodi ni nini. Usinifundishe uchungu. Daktari akimaliza dakika arobaini kwa mgonjwa mmoja, hii kitu haitatoka Kawangware. Akimaliza kumi, itafika kila kaunti. Hao ni watu wangapi watapona?"

"Nipe wiki mbili nipime tena."

"Wageni wa kutufadhili wanafika Jumatatu. Chumba cha upasuaji kimeshikwa. Na wagonjwa wamekubali." Alifungua faili akatoa karatasi. "Soma hapo."

Ndanu hakuhitaji kuisoma lakini alisoma. Ninakubali kwamba kifaa hiki kitachoma mshipa ulio kwenye figo yangu ili presha ishuke.

"Kitachoma mshipa," alisema Muiruri. "Wamesaini watu tisa. Mshipa ukiungua, si ndivyo tuliwaambia?"

"Hapo ni neva! Kila mtu anajua hapo ni neva!"

"Imeandikwa mshipa. Na si mimi niliandika."

Watu wa aina hii hawana haja ya kukudanganya. Wanakuwekea mbele karatasi yako mwenyewe.

Maana ni Ndanu aliyeiandika. Miezi minne iliyopita walimpa fomu ya Kiingereza aitie Kiswahili kwa ajili ya watu wa Kibera, kwa kuwa yeye ni mtoto wa huko. Alikaa na neno neva jioni nzima. Akaona litawatisha, litawachanganya, watadhani ni mambo ya wazimu. Akalifuta akaandika mshipa, neno la kila mtu, na alijisifu hata kwa wenzake kwamba fomu yake inaweza kusomwa na bibi kizee yeyote wa Sarang'ombe, mtaa wao huko Kibera. Sasa mtu alikuwa amelikuta neno hilo wazi kama mlango akajipitia zake.

"Wewe mwenyewe ulisema lugha iwe rahisi," Muiruri aliendelea, tena kwa upole. "Nani atauliza?"

Ndanu alitaka kumrushia ile trei na figo zake. Aliichukua, akatoka, akafunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba watu wa saluni ya ghorofa ya pili walichungulia.

Alasiri hiyohiyo aliiandikia kamati ya maadili na kuambatisha picha zake. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, nalo lilikuwa la mashine: barua yako imepokelewa, itajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Alipiga simu mara sita. Mara ya sita alipokewa na mama mmoja mpole aliyemwambia kwamba mwenye faili yuko semina Naivasha. Alipiga hospitalini, akaambiwa daktari hazungumzi na mafundi. Akamwandikia daktari huyo barua pia, akajua ataisoma Jumanne. Siku nzima ya Alhamisi alitembea huku na huku karakanani akiwa amekunja ngumi ndani ya mifuko ya koti. Hakuna aliyethubutu kumwita chai.

Ijumaa saa nne asubuhi kulikuwa na mkutano wa wagonjwa tisa, katika ukumbi wa kanisa ulio mkabala na kliniki ya Olympic, Kibera, pale walipoandikishwa. Muiruri alikuwa aje kuwaeleza mambo ya Jumatatu. Ndanu hakualikwa. Alifika na ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na ndani yake figo mbili juu ya barafu.

Oluoch alikuwa mlangoni amevaa koti lake la Jumapili.

"Nimekuja kusema kitu nilifanya," alimwambia. "Usinizuie."

"Nani anakuzuia? Ingia."

Walipoingia, Muiruri alikuwa mbele anaeleza kwa sauti yake nzuri, na Becky, nesi wa kliniki, alikuwa amekaa pembeni na mashine yake ya kupima presha. Ndanu alipitisha macho kwenye viti. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye fimbo, mwanamume aliyevaa sare ya askari wa kampuni, akina mama kadhaa. Kwenye safu ya mbele, amevaa leso ya maua ya zambarau aliyoishona mwenyewe, alikuwa amekaa mamake.

Mamake, Kalondu, alishona sare za shule huko Sarang'ombe, na presha yake ilikuwa imegoma kushuka kwa miaka kumi na moja. Mumewe, Mbithi, alikuwa ameanguka na kiharusi akifunga viatu aende kazini. Kwenye kitambulisho Kalondu alitumia jina la babake, Ndululu, ndiyo maana hata karakanani hakuna aliyejua.

"Mwaitu," Ndanu alimwita, kama Wakamba wanavyowaita mama zao. "Unafanya nini hapa?"

"Kelele. Injinia anaongea."

"Umesaini?"

"Ningekwambia ungenikataza." Kalondu hakugeuka. "Mimi ndio namba moja Jumatatu. Kitu mtoto wangu ametengeneza, nani mwingine akifungue?"

Muiruri alimtazama mama, akamtazama binti. Ndanu hakumsubiri aseme neno. Alikwenda mbele, akaiweka ndoo juu ya meza ya matangazo ya kanisa, akafungua kifuniko.

"Mimi naitwa Ndanu. Hiki kifaa nilikichora mimi," alisema. "Nataka muone kitafanya nini, halafu mtaamua wenyewe."

"Ndanu, huu si mkutano wako," alisema Muiruri.

"Mwache aongee," alisema yule askari. "Ni figo ya nani hiyo?"

"Ya ng'ombe."

"Sawa. Ongea."

Akawaonyesha. Mshipa wa kwanza, uliochomwa na Ngazi, aliupitisha penseli, akaupeleka kiti kwa kiti kila mtu aone madoa manne. Wa pili, uliochomwa na Pete, aliujaribu kwa penseli ikagoma. Akatoa njiti ya kibiriti, nayo ikakwama. Akawaeleza figo inafanya nini ikinyimwa damu. Mama mmoja aliyekuwa na mandazi kwenye mfuko aliufunga mfuko. Oluoch akasimama, akasema yeye ndiye aliyepima kifaa kipya kwenye mishipa ya shingo na kutia sahihi, na kwamba tangu Jumatano hajalala vizuri. Kisha akakaa, akainamisha kichwa.

Mzee mwenye fimbo aliinua nakala yake ya fomu.

"Lakini hapa tuliambiwa," alisema. "Kitachoma mshipa. Mimi nilisoma. Nilidhani ndiyo dawa yenyewe."

"Hata mimi," alisema mwingine.

"Nilifikiria ukichomwa mmoja unabaki na mwingine," alisema Kalondu. "Si figo ni mbili? Nikasema bora nibaki na moja kuliko kuanguka kama baba ya huyu."

Maneno hayo yalimpiga Ndanu kuliko yote aliyoyasikia wiki nzima. Mamake alikuwa amesoma, akaelewa kilichoandikwa, akakubali kutoa mshipa wake uungue kwa sababu mwanawe ndiye aliyeomba.

"Hawachomi mshipa wa damu," Ndanu alisema. "Hawatakiwi kuuchoma. Wanachoma neva. Ziko nje ya mshipa, zimeuzunguka. Hiyo fomu ina makosa."

"Nani aliandika?" aliuliza askari.

Muiruri alikuwa amekunja mikono kifuani. Angeweza kujibu lakini aliacha swali likae hapo.

"Ni mimi," alisema Ndanu.

Ukumbi ulilipuka. Kila mtu alitaka kusema, na kila mtu alisema. Askari alimwuliza Muiruri kama watu wa Kibera ni ng'ombe wa kujaribiwa, Muiruri akaanza kueleza habari ya kaunti zote zitakazofikiwa, askari akamwambia aanzie basi na kaunti ya nyumbani kwake, aingizwe yeye hiyo Pete. Mama wa mandazi alimlaani Ndanu kwa Kiluhya kisha akayarudia maneno hayo kwa Kiswahili ili asikose kuyapata. Becky alikuwa anazungukazunguka akiwaomba watulie, maana presha zao zilikuwa presha zao, si mchezo.

"Kuna mstari wa mwisho," Ndanu alisema, akalazimika kupaza sauti. "Kwa fomu. Chini kabisa. Huo sikuukosea."

Mzee mwenye fimbo aliusoma kwa sauti ya kanisani: "Ninaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na hakuna atakayenilaumu."

"Basi mimi nimejitoa," alisema askari. Akaenda kwenye faili ya Muiruri iliyokuwa mezani, akatafuta karatasi yenye sahihi yake, akaitia mfukoni. Mzee akafuata. Wakafuata akina mama, mmoja mmoja, wakipekua faili hiyo mbele ya mwenyewe, naye hakuinua hata kidole. Zilipobaki karatasi mbili, Muiruri alimgeukia Ndanu.

"Unajua umefanya nini? Hakuna Pete na hakuna Ngazi. Wageni wakirudi kwao, tumefunga. Hawa wote watabaki na presha yao. Mamako pia."

"Najua."

"Usije Jumatatu."

"Sikuwa nakuja."

Alikuwa amemwaga unga, na alijua. Muiruri alikusanya vitu vyake akatoka. Oluoch alimfuata mpaka mlangoni kumpa ufunguo wa karakana, akarudi akakaa palepale. Watu walitawanyika wakiongea kwa hasira, wengine wakienda moja kwa moja kliniki kuuliza dawa zao. Hakuna aliyemshukuru Ndanu, na hakuwa amekuja kushukuriwa.

Kalondu alikuwa bado amekaa. Fomu yake, aliyoitoa naye kwenye ile faili, alikuwa nayo magotini, ameikunjua, anaisoma upya kwa kidole.

"Njoo hapa," alisema.

Ndanu alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Ya Kizungu ilikuwa imeandikwa aje? Hapa penye mshipa."

"Nerve."

"Nerve." Kalondu alitikisa kichwa polepole. "Na wewe ukatoa."

"Nilidhani itawachanganya watu, Mwaitu. Nilitaka ieleweke."

"Ieleweke na nani?"

Kalondu aliinua mkono wake.

"Mimi nameza amlodipine asubuhi," alisema Kalondu, akianza kuhesabu kwa vidole. "Nameza losartan. Nameza hydrochlorothiazide, hiyo inanikojoza mpaka cherehani inaniona adui. Jioni nameza spironolactone. Creatinine yangu, hiyo ya kupima figo, ilipimwa mwezi wa tatu, najua ilikuwa ngapi. Mama Khadija wa hapo nyuma, hajakanyaga darasa, ukimuuliza kiuno atakwambia ni nerve imekamatwa. Kinyozi anasema nerve. Mtoto wa chekechea anasema mwalimu anamharibu manerve. Kibera yote inajua nerve." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Nani alikwambia mimi sijui? Tulikupeleka shule na sindano na uzi, ukarudi ukaona neno moja litamshinda mamako. Huyo Muiruri ni mtu mbaya, sawa. Lakini huyo hanijui. Wewe unanijua!"

"Mwaitu, presha," alisema Ndanu.

"Wacha ipande! Ni yangu!"

Becky alikuwa ameshasogea. Bila kuomba ruhusa alimfunga Kalondu kitambaa cha mashine mkononi, na mashine ikavuma. Namba zilipotokea, Becky alizisoma kwa sauti ya chini: mia mbili na tano juu ya mia moja na kumi na nane.

Kalondu aliikunja fomu mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na futi ya kupimia na chaki ya kushonea. Ndanu alinyoosha mkono aichukue, na mamake akaufunga mkoba.

"Hii nabaki nayo. Ile yako ya ngazi, hata kama itabidi uitengenezee kwa jikoni yangu, itengeneze. Ikiwa tayari utaniletea fomu mpya, nami nitakaa chini niisahihishe na kalamu nyekundu, neno kwa neno, kabla nisaini."

"Sawa, Mwaitu."

"Na mimi bado ni namba moja."

"Sawa."

Kalondu alimtolea Becky mkono ule mwingine apimwe tena.